Ukipiga, Vuta

Majidi Adinani alikuwa hajawahi kuua hata njiwa, na Tabora nzima ililijua hilo. Ndiye fundi bunduki pekee aliyebaki mjini, mwenye leseni ukutani na meza ya mninga iliyochimbika katikati kwa kazi ya vizazi vinne, lakini ukimpa bunduki yenye risasi ndani aliishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Wawindaji walimtania. Walimwuliza kama kuku wa nyumbani kwake huchinjwa au husubiriwa wafe kwa uzee. Naye aliwajibu kwamba mkunga si lazima awe na mimba ndipo azalishe, wote wakacheka, kazi ikaendelea.

Utani haukumchoma, kwa sababu alikuwa na jambo la kujivunia. Babu wa baba yake alitengeneza magobore ya misafara pale Kwihara, enzi wapagazi walipokuwa wakiingia kwa kufyatua bunduki hewani ili watu wajue wamefika salama. Tangu babu huyo mpaka yeye, ukoo ulikuwa na neno moja ambalo kila mtoto wa kiume alilirithi pamoja na tupa na koleo: hakuna bunduki iliyopita mikononi mwetu ikamrudi mwenyewe. Majidi alilisema neno hilo kwa kila mteja mpya, akiwa amekunja mikono. Majivuno ya namna hiyo hayapotei. Yanakaa mahali yakingoja siku yake.

Miaka minne iliyopita alimjia Sylvester, kijana wa makamo, askari wa wanyamapori wa kijiji kimoja kilichoko mbele ya Kaliua, pembeni mwa reli ya kwenda Mpanda, mahali ambapo mashamba ya tumbaku yanagusana na pori. Alitoa shikamoo kwa adabu, akaweka mezani bunduki nzuri kuliko zote ambazo Majidi alikuwa ameziona mwaka ule. Kijiji chao kilikuwa kimeachiwa bunduki hiyo na mwenye kampuni moja ya uwindaji aliyefunga kazi akarudi kwao.

"Inakula, fundi," alisema Sylvester, "lakini haitemi."

Majidi aliifungua, akacheka peke yake. Bunduki haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa. Ilikuwa ya kujipakia yenyewe: ukipiga ya kwanza, nguvu ya baruti inaisukuma nyuma bolti, kile chuma kinachoziba chemba ya risasi, ganda linaruka nje, na risasi ya pili inapanda chemba bila wewe kufanya lolote ila kuvuta tena kifyatulio. Lakini ilitengenezwa kwa risasi za magnamu, ndefu na nzito, za kumwangusha mnyama mkubwa. Sylvester alikuwa akiilisha zile fupi na nyepesi zinazouzwa mjini, za kanga na kwale. Fupi iliingia vizuri katika chemba ya ndefu na ikalia vizuri pia. Shida ilikuja baada ya mlio. Nguvu yake haikutosha kuirudisha bolti, ganda likabaki limeganda ndani, na bunduki ikanyamaza.

Ndefu zilikuwa haziuzwi dukani, wala ofisi ya wanyamapori haikuwa ikizigawa vijijini. Kwa hiyo ilibidi bunduki izoezwe zile fupi, na njia zilikuwa mbili. Fundi wa ovyo angemaliza kazi kabla chai haijapoa: angekata springi, bolti ikawa nyepesi, fupi zikatosha kuisukuma na ndefu pia zingefanya kazi, ingawa bunduki ingejigonga na kuchakaa mapema. Sylvester mwenyewe aliiomba njia hiyo. Majidi akatikisa kichwa.

"Springi ya bunduki ya mtu siikati," alisema. "Bunduki hii ni nzima. Nitakufunza wewe."

Akamfunza. Pembeni mwa bolti palikuwa na mkono mdogo wa kukoki. Kila baada ya mlio, Sylvester alitakiwa kuuvuta kwa nguvu na kuuachia, ganda litoke na risasi nyingine ipande. Walifanya mazoezi kwa maganda matupu, pale pale mezani, alasiri nzima, Majidi akimwimbia kama watu wanaotwanga: piga, vuta, piga, vuta. Alimkataza kuangalia. Alimwambia mkono lazima ujue wenyewe, maana porini hakuna nafasi ya kufikiri. "Ukipiga, vuta," alimwambia wakati wa kuagana. "Hata ukiota unapiga, vuta."

Sylvester alikuwa mwanafunzi mwema kupita kiasi. Kila alipopanda treni kuja mjini alipitia dukani kusalimu, na mara nyingine aliacha kanga wawili waliokwisha nyonyolewa. Alisema siku hizi hajui kama anavuta au havuti. Anasikia mlio, na tayari risasi nyingine imo chemba. Mdogo wake Octavian, aliyekuwa akimfuata porini na panga na mkuki, alisema mkono wa kaka yake una akili kuliko kaka yake. Majidi alilipenda neno hilo, akawasimulia wateja wengine.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mbogo dume aliyefukuzwa na kundi lake aliingia mashambani mwa kijiji kile. Alimvunja mguu mwanamke aliyekwenda kuokota kuni. Ofisi ya wanyamapori ikatoa kibali auawe, na pamoja na kibali ikatoa risasi tatu ndefu za magnamu, kwa kuwa mbogo hapigwi kwa chakula cha kwale. Sylvester alimpigia simu Majidi asubuhi ile ile. Sauti yake ilikuwa na furaha.

Majidi alikuwa na bunduki ya mtu mwingine mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Sylvester alimwambia amepewa ndefu tatu, akamwuliza kama kuna la kuangalia.

"Hicho ndicho chakula chake," alisema Majidi. "Tia, lenga, piga."

Akakata simu, akarudi kwenye kazi yake. Aliikumbuka bunduki. Mkono alioufunza mwenyewe hakuukumbuka kabisa.

Siku ya pili yake Octavian alikufa. Habari ilikuja na treni, na kila aliyeileta aliikuza kidogo, lakini shina lake lilikuwa moja. Walimkuta mbogo kwenye kichaka cha mto mkavu, karibu mno. Sylvester alipiga, mbogo akapiga magoti akainuka. Akapiga tena, mbogo akayumba, akaendelea kuja. Ya tatu haikulia. Bunduki ilisema tak, na mbogo akampita Sylvester akamchukua Octavian aliyekuwa amesimama nyuma yake na mkuki. Mbogo mwenyewe alianguka hatua ishirini mbele, akafa kwa zile mbili. Kilichowashangaza watu ni kitu walichokiokota nyasini mahali aliposimama Sylvester. Ilikuwa risasi ndefu, nzima, haina hata alama ya kuguswa na sindano ya bunduki.

Bunduki ililetwa kwa Majidi ndani ya gunia lililotiwa lakiri, pamoja na barua ya ofisi ya wanyamapori ya kumtaka aseme kama ina kosa. Aliyeileta, bwana mmoja wa makamo mwenye kikohozi, aliitoa na ile risasi mfukoni akaisimamisha mezani.

Alisema kule kijijini wamekwisha elewa. Mtu akiingiwa na hofu mikono inacheza. Kijana alivuruga bunduki, akaitupa risasi nzima bila kujua, akabaki mikono mitupu mbele ya mnyama. Kilichobaki ni karatasi tu.

Majidi aliitazama ile risasi, na hapo hapo akaelewa kila kitu. Aliona mlio wa kwanza. Aliona bolti ikirudi yenyewe kama ilivyoumbwa, ganda likiruka, ya pili ikipanda. Kisha akauona mkono, ule wenye akili kuliko mwenyewe, ukivuta kama ulivyofunzwa, na risasi nzima ikirukia nyasini kama ganda tupu, ya tatu ikipanda mahali pake. Haikuwa hofu. Ilikuwa utii.

Aliifanyia bunduki majaribio yote. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: Bunduki haina kosa lolote. Akaweka sahihi na mhuri, bunduki ikarudishwa kijijini. Kila neno katika barua ile lilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimtafuna. Uongo ungemwachia hata nafasi ya kuukana. Alijiambia kwamba hakuulizwa juu ya mikono, aliulizwa juu ya bunduki. Alijiambia mambo mengi wiki ile.

Wiki ya tatu Sylvester alikuja dukani. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia alikuwa ameutia mfukoni. Alitoa shikamoo, Majidi akaitikia marahaba, akanyoosha mkono wake. Wa Sylvester haukutoka mfukoni. Aliomba radhi, akasema siku hizi hapendi kuutumia.

Alieleza kwa maneno machache yaliyokuwa yakiendelea kwao. Mwindaji wa kijiji kile akifia porini, hapigiwi bunduki siku ya maziko. Hupigiwa siku ya arobaini, wanapomaliza msiba: risasi tatu, na mpigaji ni yule aliyekuwa naye wakati wa kufa, ili marehemu ajue hakuachwa. Kama mwenziwe alimwacha, au alimponza kwa woga, huyo hapigi. Anaitwa mtu wa kijiji kingine, na mwoga haketi tena na wawindaji, wala mtoto wake haketi. Barua ya Majidi ilikuwa imesomwa mbele ya watu. Mkubwa wa wawindaji, Mzee Mahona, ndiye baba yao mdogo, naye alikuwa amekwisha tuma mtu kuulizia mpigaji mwingine.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, mzee wangu," alisema Sylvester. "Pengine karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika yote. Bunduki ilikuwa na kosa, hata dogo?"

Majidi alikuwa na kitambaa cha mafuta mkononi. Alikikunja, akakikunjua.

"Haikuwa na kosa," alisema.

"Basi ni mimi." Sylvester aliinamisha kichwa. "Sikumbuki kuogopa, fundi. Ninakumbuka pua ya mbogo ilivyokuwa imelowa. Lakini risasi ilikuwa nyasini, na siwezi kubishana na risasi. Mkono uliogopa bila kuniambia."

Akashukuru, akaondoka. Kabla hajafika barabarani aligeuka akaaga tena, kwa adabu ile ile, na adabu hiyo ilimwumiza Majidi kuliko tusi.

Mkewe, Tunu, alikuwa mlangoni na birika la chai, alisikia yote. Tunu si mwanamke wa kupekua mambo ya duka, lakini miaka minne iliyopita aliisikia ile piga, vuta ikitoka mezani kama wimbo wa chuoni, na hakuwa mjinga. Alimwuliza Majidi kama ile risasi iliyookotwa ilikuwa na alama. Majidi akasema haikuwa nayo. Akamwuliza kama ndefu zinahitaji kuvutwa. Majidi akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mbogo kaua mmoja," alisema Tunu. "Wa pili unammaliza wewe, tena kwa mhuri."

Akaweka birika chini, akaenda zake jikoni, na kwa siku nne hakumsemesha ila kwa salamu. Majidi alikasirika. Alisema moyoni kwamba mwanamke hajui leseni inavyopotea, hajui jina la vizazi vinne linavyoweza kufa kwa sentensi moja. Siku ya tano hasira ilimwisha, akabaki na aibu peke yake, na aibu haina wa kuilaumu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumba ya akina Sylvester ilikuwa imepata vyote viwili kwa siku moja, na aliyevipeleka alikuwa akinywa chai Tabora.

Alijua akienda kumsafisha Sylvester maneno matupu hayatatosha. Wangesema fundi anamtetea mteja wake, au anamhurumia. Zilihitajika risasi ndefu. Akaanza kuuliza, na haikumchukua hata nusu siku: mwindaji mmoja mstaafu wa Ntalikwa alikuwa nazo sanduku zima, zimekaa tu uvunguni. Akampa tatu, na kwa kuwa sheria ina mdomo mrefu, wakaandikishana kituo cha polisi. Ntalikwa ni mwendo wa baiskeli kutoka dukani kwake. Miaka minne risasi zilikuwa pale, naye hakuwahi kumwuliza mtu. Alipokuwa akirudi alishuka kwenye baiskeli, akakaa kando ya barabara, akalia.

Siku ya arobaini alishuka Kaliua na treni, akapanda pikipiki mpaka kijijini. Watu walikuwa wamejaa uani, misa imekwisha, masufuria ya wali bado jikoni. Sylvester alikuwa mbali, chini ya banda la kukaushia tumbaku, anapasua kuni za wapishi kwa mkono wa kushoto. Kazi ya watoto na wakwe. Mpigaji wa kijiji kingine alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti cha heshima na fulana mpya.

Majidi aliomba kuonana na Mzee Mahona na mama wa marehemu, watatu tu. Mama huyo aliitwa Minza. Alikuwa mwembamba, amefunga kitenge cheusi, na alimkaribisha kwa mwangaluka, salamu ya kwao, kisha kwa pole ya safari, kana kwamba msiba ulikuwa wa Majidi. Majidi akawaeleza. Hakuficha kitu: alasiri ile ya maganda matupu, simu ya dakika moja, barua. Barua aliirudia neno kwa neno.

Mzee Mahona alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba amekwisha sikia watu wengi wakimtetea mwoga, na wote walikuwa na maneno mazuri.

Majidi akatoa zile risasi tatu. "Mwacheni apige yeye, kwa hizi. Msimwambie lolote nililowaambia. Mzitie katika bunduki nyinyi wenyewe."

"Na mkono usipovuta?"

"Usipovuta, mimi ni mwongo na yeye ni mwoga, na mpigaji wenu yupo pale."

Mahona alimtazama Minza. Minza alikuwa akizitazama risasi. Alisema kwa Kinyamwezi neno fupi, na Mahona akainuka.

Sylvester aliitwa. Alipoambiwa atapiga yeye, alidhani wanamdhihaki, akasimama katikati ya uwanja bila kujua aweke wapi macho. Watu walinong'ona. Mpigaji wa fulana mpya aliguna. Mzee Mahona akatia risasi tatu kwa mkono wake, kama ilivyo desturi, akamkabidhi bunduki ile ile na kumwelekeza upande wa pori, juu, mahali pasipo na mtu.

Mkono wa kulia ukatoka mfukoni.

Na hapo, Majidi akiwa amesimama nyuma ya wanawake, akajikamata anaomba. Hakuwa akimwombea Sylvester. Alikuwa akiuomba mkono ule utulie. Ukitulia tu, basi lililotokea mtoni lilikuwa hofu ya mtu mwingine, na fundi angerudi Tabora na jina lake zima na leseni yake ukutani. Alilitamani hilo kwa nguvu zote, na kwa kulitamani akajijua yeye ni mtu wa namna gani. Hakuna kioo kilichowahi kumwonyesha hivyo.

Bunduki ikalia. Wote waliona bolti ikirudi yenyewe na ganda tupu likiruka. Na kabla ganda halijagusa chini mkono ukavuta. Risasi nzima, nyekundu, ndefu, ikaruka ikadondoka vumbini mbele ya miguu ya Sylvester. Hakuiona. Bunduki ikalia tena, mkono ukavuta tena. Akafyatua ya tatu.

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini uwanja mzima uliisikia. Kila aliyekuwepo alikuwa amekwisha simuliwa sauti hiyo. Sylvester alibaki na bunduki begani, kichwa kimekaa kwenye shabaha, kama mtu anayengoja mbogo. Kisha akateremsha macho taratibu mpaka vumbini.

"Zimelia mbili," alisema Mzee Mahona. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Sylvester akasema, "Hivyo ndivyo ilivyokuwa." Aliitazama risasi, akautazama mkono wake, akainua uso, akamtafuta Majidi katikati ya watu mpaka akampata.

"Ni wewe uliyenifunza, fundi."

"Ni mimi."

"Na nilipokuja dukani kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Majidi alikuwa amejiandaa kwa ngumi. Alikuwa radhi nayo, pengine aliihitaji. Lakini Sylvester hakusogea. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, ya kwanza tangu maziko, kama mamaye alivyosema baadaye.

"Nilikuwa nimekwisha uzoea woga wangu," alisema. "Nilimpelekea padre, akaniambia woga si dhambi, Mungu anamjua binadamu. Hili sasa nikaliungame kwa jina gani? Octavian alikuwa nyuma yangu, na mimi nikamtupia nyasini risasi yake."

Wawindaji, waliokuwa wamekwisha kumvua jina midomoni mwao kwa siku arobaini, walitazama viatu vyao. Mzee Mahona alimwendea, akamwondolea bunduki begani, akamshika ule mkono wa kulia mbele ya watu wote, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Sylvester hakuwa mwoga. Jina lake lilikuwa limerudi. Alilipokea kama mtu anayerudishiwa nguo za aliyekufa.

Mahona akataka kuokota ile risasi aitie, itimie ya tatu, marehemu aagwe sawasawa. Minza akamtangulia. Aliinama, akaiokota, akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake, polepole, upande mmoja na upande wa pili. Kisha akapita katikati ya wanawake mpaka aliposimama Majidi.

"Hii ndiyo ya Octavian," alisema. "Imekataa kulia mara mbili. Kaa nayo wewe."

Akamwekea kiganjani, akamkunjia vidole. Halafu akageuka akawaambia wapishi wapakue chakula, wageni wana njaa.

Majidi hakufukuzwa. Aliletewa sahani ya wali kama wengine, na ilibidi ale, kwa sababu kukataa chakula cha msiba ni kosa, na makosa yake yalikuwa yamekwisha tosha. Octavian alikuwa ameagwa kwa mbili. Usiku ule alilala stesheni ya Kaliua, na treni ya kurudi Tabora ikamkuta amekaa vile vile, mkono ndani ya mfuko wa kanzu.

Mjini aliandika barua ya pili, ndefu, akaipeleka ofisini mwenyewe. Waliipokea, wakaipiga mhuri, wakasema ataitwa. Mpaka leo hajaitwa. Leseni bado iko ukutani, na hilo nalo ni adhabu yake, kwa kuwa kila asubuhi anaiona. Tunu alirudi kumsemesha, kwa upole, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa. Risasi anaiweka mezani, pale katikati palipochimbika, imesimama.

Mteja wa kwanza wiki ile alikuwa mwindaji mwenye kelele, aliyetoka mbali na hakuwa amesikia lolote. Aliweka bunduki yake juu ya meza, akavuta kiti, akamwuliza, kwa utani ule ule wa miaka yote, kama bado hajaua hata njiwa.

"Nimekwisha kuua," alisema Majidi. "Lete bunduki."

Mteja akacheka sana, akampigapiga begani.